Mtoto wa Nyumbani Hana Likizo

Wasichana wanaotoka kwetu Kwale kuja Mombasa kutafuta kazi za ndani hupitia kwangu Mtopanga. Nina chumba, nina godoro la ziada, na kazi hiyo nimeifanya hapa na ng'ambo, basi mama zao huwaambia wanitafute. Wanaojiandaa kwenda Uarabuni nao hupita. Maswali yao nayajua hata kabla hawajakaa: mshahara ngapi, tajiri anapiga, chakula wanatoa, simu wataniachia? Ni maswali ya haki na huwajibu yote. Ila hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kazi inaanza saa ngapi na inakwisha saa ngapi. Mshahara watu huvutana mpaka jasho likawatoka. Saa hazitajwi kabisa, utadhani zinakuja bure pamoja na mtu mwenyewe.

Mimi huwaambia saa kwanza, pesa baadaye. Kisha huwaambia jambo ambalo huwachekesha: tajiri mkali utamwona akija, jihadhari zaidi na yule mwema.

Nilivuka Likoni kuja kufanya kazi Nyali mwaka 2013. Feri haitozi mtu wa miguu, kwa hivyo nusu ya safari yangu ya kwenda kwa matajiri ilikuwa ya bure. Shangazi ndiye aliyenitafutia nyumba, na lazima nikiri ilikuwa nyumba ya watu wazuri. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alinishika mkono akaniambia, "Hapa usijione mgeni. Wewe sasa ni mwanangu." Hakuwa anadanganya. Nilikula chakula walichokula wao, mezani pao. Idi ilipofika alininunulia dera na viatu kama alivyowanunulia binti zake. Nilipougua malaria alinipeleka hospitali mwenyewe na gari lake na akakaa foleni.

Chumba changu kilikuwa kule nyuma kwenye esikyu, vyumba vya watumishi, karibu na tangi la maji. Baada ya muda nikahamishiwa ndani nilale na mtoto mchanga. Nilifurahi, nikajiona nimepandishwa cheo. Shangazi naye akafurahi, akawapigia simu nyumbani kuwaambia mwanenu kawa wa ndani kabisa. Kumbe ndio usiku wangu uliokuwa unachukuliwa. Kule esikyu nilikuwa na mlango, na mlango ukishaufunga mtu hugonga. Ndani hakuna wa kugonga. Mtoto akilia saa nane za usiku, ni wako.

Siku ilikuwa hivi. Kabla ya adhana ya alfajiri nishainuka, chai na mahamri tayari, watoto wavalishwe, gari la shule linapita saa kumi na mbili na nusu. Halafu kudeki, kufua, kuanika, kukuna nazi, chakula cha mchana. Watoto warudi, waoge, waende chuo cha Kurani, warudi tena. Chakula cha usiku. Baba alikuwa na duka mjini na alirudi baada ya isha, siku nyingine saa nne, siku nyingine saa tano, na mtoto wa nyumbani halali ilhali baba hajala. Binti zake wa kuwazaa walikuwa wamelala zamani. Tofauti hiyo niliiona baadaye sana: wao wakisema wamechoka huambiwa wakalale, mimi nikisema nimechoka huulizwa kama naumwa.

Jumapili hakuna aliyeninyima. Haikuwahi kutajwa, basi. Na mimi ningeitajaje? Mtu humwomba tajiri ruhusa. Mama yako unamwomba likizo ya nini, unakimbia nini? Nilipokwenda nyumbani kwenye msiba au sikukuu nilipewa nauli, mchele na sukari ya kupeleka, na siku ya pili simu inalia: mwanangu unarudi lini, watoto wanakuulizia.

Nilikuwa nalipwa shilingi 5,000. Tangu Mei ya mwaka ule ule, kiwango cha serikali kwa mtumishi wa nyumbani hapa Mombasa kilikuwa 9,780.95. Sikujua, na sidhani kama mama alijua. Vilevile sikujua kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi yeyote siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, wala kuwa kanuni za mishahara zinahesabu wiki ya kazi kuwa saa 52. Mimi saa 52 nilikuwa nazimaliza Alhamisi asubuhi. Zilizobaki mpaka Jumapili usiku zilikuwa mapenzi.

Sitaki mtu aelewe kuwa namlaumu yule mama. Alinipenda, na bado hunipigia simu. Ninachosema ni kwamba upendo wake ndio uliofanya nishindwe kuhesabu. Ningekuwa kwa mtu aliyenibagua kwenye sahani, ningeanza kuhesabu wiki ya kwanza.

*

Nilipoamua kwenda Doha, Qatar, nyumbani walidhani ni tamaa ya pesa. Ilikuwa pesa pia. Nilikuwa nimesikia riyali 900, ambazo kwa wakati huo zilikuwa kama shilingi 25,000, na hesabu hiyo haihitaji mtu aende shule. Nikapimwa afya, nikachukua cheti cha polisi, nikapelekwa kwenye mafunzo. Tulifundishwa kutumia mashine ya kufyonza vumbi, oveni, mashine ya kuosha vyombo, namna ya kupiga pasi kanzu zao, na Kiarabu cha jikoni. Mafunzo mazuri tu. Mwalimu alijua kutuambia moto wa oveni uwe nyuzi ngapi. Saa za kazi hakuzigusa. Mkataba wenyewe niliusaini usiku wa kuamkia safari, kurasa nyingi za Kiingereza na Kiarabu, wakala amesimama pembeni anatazama saa yake.

Nyumba ya kwanza Doha ilikuwa mbaya. Bibi mwenye nyumba alikuwa mfanyakazi wa ofisi, mtu wa ratiba. Pasipoti yangu alichukua siku ile ile, ingawa sheria ya kwao inamkataza tajiri kuishika. Simu aliishika mchana kutwa na kunirudishia saa tatu usiku. Jina langu hakulitumia hata siku moja, alikuwa anapiga makofi. Kuna siku alimwaga chai kwenye sakafu niliyotoka kuideki, nadhani aone kama nitakasirika. Nililia sana katika nyumba ile, na msichana yeyote akiniambia yumo katika nyumba kama ile humwambia aondoke.

Lakini huwaambia na hili, kwa sababu ni kweli: nililala. Alikuwa amebandika karatasi kwenye friji, kazi kwa saa, na saa nne usiku alikuwa anafunga jiko kwa ufunguo asije mtu akala chakula chake. Jiko likifungwa, kazi imekwisha. Kwa ubahili wake nikapata usingizi ambao Nyali sikuupata kwa mapenzi.

Karatasi ile ya friji haikuwa na Ijumaa ya kupumzika. Nilipouliza, akanirudisha ofisi ya wakala kama mtu anayerudisha birika dukani, maana nilikuwa bado ndani ya miezi ya majaribio. Pale ofisini tulilala kwenye magodoro sakafuni, Wakenya, Waganda, Wasri Lanka, tunangoja kuchaguliwa. Sitakaa sana hapo.

*

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Al Rayyan. Vizazi vitatu chini ya paa moja: bibi mzaa baba, mwanawe na mkewe, watoto wanne, na mgeni hakosi. Tulikuwa wafanyakazi watatu. Dereva alikuwa Mnepali, mpishi Mfilipino mtu mzima ambaye alikuwa amekwisha kuzunguka nchi za Ghuba nusu ya umri wake, na mimi. Bwana na bibi tuliwaita Baba na Mama, kama wafanyavyo wote kule, hata mpishi aliyekuwa na umri wa kuwazaa.

Mpishi yule ndiye aliyenifungua macho juu ya mshahara. Yeye alikuwa anapata zaidi yangu kwa zaidi ya nusu, na sikuona ajabu, kupika ni ufundi. Siku moja akaniambia si ufundi, ni pasipoti. Serikali ya Ufilipino wakati huo ilikuwa imeweka, tangu miaka ya 2000, kuwa raia wake haendi kufanya kazi za ndani nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, ambazo kwa riyali ni kama 1,460. Hata angekuja kufagia tu angelipwa hizo. Bei yangu mimi iliwekwa na wakala na soko. Mambo yalibadilika Machi 2021, Qatar ilipoweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa wafanyakazi wote, wa majumbani wakiwemo, bila kujali mtu katoka wapi. Baba alinipandishia bila kuombwa. Nimewaambia, walikuwa watu wema.

Wema wenyewe ulianza kwa bibi mzee. Alifurahi kusikia natoka Mombasa, kwa sababu mume wake marehemu alikuwa na jamaa waliowahi kufanya biashara ya jahazi pwani yetu, au ndivyo alivyopenda kusimulia. Nilipomtengenezea kaimati alikula akacheka. Wao huziita luqaimat, mapishi ni yale yale, ila sisi tunazichovya kwenye shira nzito na wao hupenda kumiminia asali ya tende. Siku hiyo akawaambia wote sebuleni: huyu ni binti yetu. Nikasikia mwili unasisimka. Nilikuwa nimeshaisikia sentensi hiyo.

Na ikaenda vile vile. Nikahamishiwa chumba cha watoto. Kisha bibi mzee akawa hataki dawa yake mpaka apewe na mimi, na dawa ya mwisho ilikuwa usiku wa manane. Wakitoka kwenda kutembea jioni, ufuoni Corniche au soko la Souq Waqif, walinichukua, na watu wa nyumbani kwetu walipoona picha wakasema mwenzetu anastarehe. Kwenye picha zile huoni mikono yangu, kwa sababu imeshika mtoto na mikoba.

Ramadhani ndiyo iliyonivunja. Ramadhani ya Mombasa ninaijua, najua kupika uji, viazi vya nazi, sambusa, mbaazi, na najua kuchoka. Lakini sisi usiku unafika tunalala. Kule mji unageuka. Mchana watu hulala, usiku ndio maisha: futari, tarawehe, wageni kwenye majlis, sebule ya wageni, hadi saa nane za usiku, kahawa, tende, sinia zinaingia na kutoka, halafu daku, halafu alfajiri. Sheria ya kazi ya Qatar inapunguza saa za Ramadhani hadi 36 kwa wiki. Sheria hiyo haimhusu mtumishi wa nyumbani. Sisi tuna ya peke yetu, Sheria Na. 15 ya 2017, inayosema saa zisizidi kumi kwa siku isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na siku nzima ya mapumziko kwa wiki. Hayo maneno ya "kukubaliana vingine" yanafanya kazi kubwa. Mtoto wa nyumbani hukubali kila kitu kwa kunyamaza. Wao waliamka saa sita mchana. Watoto waliamka saa tatu, na mimi pamoja nao.

Niliomba Ijumaa baada ya Idi. Niliomba kwa adabu, nikasema nataka kupumzika. Bibi mzee akaona uchungu wa kweli, macho yakamlenga machozi. Akaniuliza unataka kwenda wapi, hapa si kwenu? Kuna tulichokukosea? Mama akanipa siku mbili za kazi nyepesi na hereni za dhahabu. Hereni ninazo mpaka leo. Ijumaa sikupata.

Mpishi alinicheka. Mkataba wake alikuwa ameubandika upande wa ndani wa mlango wa kabati lake, na Ijumaa yake alikwenda kanisani, kila wiki, miaka yote, mvua au jua. Kule ibada zao hufanyika Ijumaa, ndiyo siku watu wako huru. Akaniambia, wewe unaomba kupumzika, nani atakupa? Kupumzika si mahali. Mimi nangojwa kanisani.

Nikafikiri wiki nzima. Kisha nikamwendea Baba, si Mama wala bibi mzee, nikamwambia nataka kusoma tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani. Karibu na Souq Waqif kuna kituo cha dini chenye mnara uliojiviringa kama konokono, kinafundisha watu wa kila lugha, na darasa, nikamwambia, ni Ijumaa baada ya swala mpaka magharibi. Nilipoomba kupumzika nilipewa hereni. Nilipoomba kusoma Kurani nilipewa dereva.

Darasa lilikwisha alasiri. Sikuwahi kulisema hilo nyumbani, na dhamiri hainisumbui. Saa zilizobaki zilikuwa zangu: chai ya karak, kukaa ukutani na wenzangu wa Kenya, Uganda na Indonesia, kusema Kiswahili mpaka ulimi ukalainika, au kukaa kimya tu bila kuitwa. Wengine wakinisikia wanasema nilitumia dini. Nilisoma tajwidi, na naisoma vizuri. Ila nililojifunza ni kwamba saa ya kupumzika ikining'inia hewani kila mtu ataitungua. Ifunge kwenye kitu kilicho nje ya nyumba, chenye mlango wake na saa yake, ambako kuna watu wanaokuhesabu usipofika.

*

Niseme na sisi wenyewe, maana si matajiri tu wanaokula saa. Doha na Mombasa ni saa moja, hakuna tofauti hata ya dakika. Ndugu zangu walijua nikiwa na simu, basi niko huru. Ijumaa yangu ikawa siku ya kusikiliza shida: bodaboda ya kaka imeharibika, karo, mabati, jirani ana msiba na jina langu limeandikwa kwenye mchango. Ilifika mahali darasani nazima simu na nikitoka siiwashi. Mama yangu mzazi alinuna. Nikamwambia atapata pesa ile ile tarehe ile ile kila mwezi, na simu Jumatano usiku. Alizoea. Kaka hakuzoea, na bodaboda akaiuza.

Korona ilipoingia Machi 2020, yote niliyoyajenga yakabomoka kwa tangazo moja. Shule zikafungwa, kituo kikafungwa, watu wote wakawa ndani mchana na usiku. Watoto wanne, kila mmoja na tableti yake na somo lake, na mimi katikati nisiyejua hesabu za Kiarabu. Milo ikawa haina wakati. Niliomba Ijumaa nikae chumbani mlango umefungwa, wakakubali wote kwa moyo mmoja, na haikupita nusu saa mtoto wa mwisho akawa amelala chini upande wa pili wa mlango ananiita. Nani atavumilia hilo? Nilifungua. Tangu hapo nasema siku ya mapumziko inayopitia ndani ya nyumba ya kazi haipo, wasikuandikie.

Mwaka ule ule wa 2020 Qatar ililegeza kamba mbili kubwa: kuanzia Januari mtumishi wa nyumbani aliweza kutoka nchini bila ruhusa ya tajiri, mradi amjulishe saa 72 kabla, na kuanzia Septemba mfanyakazi aliweza kubadilisha tajiri bila barua ya yule wa kwanza. Wenzangu kadhaa waliondoka kwenye nyumba mbovu kwa sheria hiyo. Mimi sikuitumia. Nyumba yangu haikuwa mbovu, na huko ndiko kunakonasa.

Nilipoamua kurudi, mwanzoni mwa 2022, walilia. Bibi mzee alinipa kitambaa cha sala, Mama akanipa dhahabu, watoto wakachora picha. Kiinua mgongo hakuna aliyekitaja. Sheria ile ya 2017 inasema mtumishi akimaliza mwaka au zaidi hulipwa angalau mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya kazi. Nilikuwa nimekwisha kukijua, nimekipigia hesabu, nimekiandika nyuma ya daftari la tajwidi. Kukisema ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi nilitoka nimejiandaa, na kila asubuhi bibi mzee ananikumbatia.

Mwishowe nilimwambia Baba akiwa peke yake kwenye gari, nikimsaidia kushusha vitu. Aliniangalia, akatoa simu, akasoma kitu kwa muda, akasema, "Ni haki yako." Kesho yake pesa zikaja zote. Hakuna ugomvi, hakuna hesabu ya kupunja. Lakini Mama, kuanzia siku hiyo mpaka uwanja wa ndege, alizungumza na mimi kama mtu anavyozungumza na fundi wa bomba. Dhahabu alikuwa ametoa kwa mkono wake na kwa furaha. Hizi alidaiwa, na mtoto hamdai mama.

Nimelifikiria jambo hilo sana na siku zote nafika pale pale: sikuvunja kitu chochote kilichokuwa kizima.

*

Siku hizi nasafisha vyumba vya kukodisha vya wageni, Nyali, Bamburi, mpaka Shanzu. Nalipwa kwa chumba. Mgeni akitoka saa nne, naingia. Saa tisa niko kwenye matatu narudi Mtopanga. Mwenye vyumba hajui nina watoto wangapi na mimi sijui mumewe anaitwa nani. Watu huniambia kazi hiyo haina utu. Mimi nafika nyumbani jua liko juu.

Kwa hawa wasichana wanaopita kwangu, nimeanza kuwasindikiza. Juzi juzi nilikwenda na mmoja, binti wa jirani yetu kijijini, nyumba moja si mbali na Links Road. Tajiri mwenyewe ni mwalimu wa shule ya watu binafsi. Hili watu wa vyama na wanasiasa huliruka: wengi wanaoajiri watumishi Mombasa si wenye majumba ya ufuoni. Ni walimu, wauguzi, makarani wa benki, wanawake ambao bila msichana wa kubaki na mtoto hawawezi kwenda kazini, na wenyewe wanalipwa kidogo. Kiwango kilichowekwa Novemba 2024 kwa mtumishi wa nyumbani Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75. Mwalimu yule akitoa hizo na kodi ya nyumba, hana cha kubaki nacho. Namwelewa. Lakini upungufu wa mshahara wake usije ukalipwa na usingizi wa mtoto wa watu.

Akatukaribisha chai. Akamtazama binti kwa huruma ya kweli, akasema, "Mimi sina makuu. Nitamweka kama mwanangu."

Nikamwambia, "Ahsante, mama, Mungu akuzidishie. Mwanao analala saa ngapi?"

Alicheka, akadhani ni mzaha. Nikangoja. Akasema saa tatu. Basi na huyu saa tatu, nikasema, na kama mtoto mdogo ataamka usiku, atalala na nani? Pale mazungumzo yakawa ya kazi. Nilitoa daftari. Nilimwambia wazi kuwa 12,000 aliyotaja ni chini ya sheria, na yeye alijua, akasema ataongeza mwaka mpya wa shule, tukaandika hilo na mwezi wake. Asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, ambayo kwa mshahara huo ni shilingi 330, iende kwa jina la msichana mwenyewe. Mshahara kwenye M-Pesa yake, si ya shangazi. Nikamwachia binti namba ya ofisi ya KUDHEIHA, chama ambacho pwani hii kinajulikana kwa watu wa hoteli lakini kinasajili na watumishi wa majumbani. Tajiri aliona namba ile nikiiandika na hakuipenda. Akaminya midomo, akaendelea kumimina chai.

Jumapili ndiyo iliyotuchelewesha. Alikuwa tayari kutoa, ila alitaka iwe baada ya chakula cha mchana, msichana akishapika na kuosha vyombo, kwa sababu siku hiyo wakwe huja. Binti akanitazama, akataka kuitikia. Nikamuuliza Jumapili ana kitu gani. Kumbe ana cherehani: rafiki yake Kongowea anafundishwa ushonaji na fundi, na fundi amesema aje naye, saa nne na nusu asubuhi. Hakuwa amenieleza. Nikamwambia tajiri, msichana anangojwa kwa fundi.

Tukaandika saa nne.